Wiki nane za kujifunza kuitetea namba: tathmini ya kozi ya maabara kwa wahitimu wa kemia ya viwandani

Swali lililonipeleka kwenye kozi hii niliulizwa katika usaili, mwaka wa pili tangu nihitimu shahada ya kemia ya viwandani. Umepima sampuli ya vidonge, waliniambia. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 95 hadi 105 ya kiasi cha dawa kilichoandikwa kwenye lebo, na wewe umepata 93.8. Utafanya nini? Nilijibu bila kusita kwamba ningerudia kipimo. Mmoja wa wasaili aliandika kitu kwenye karatasi yake, akanishukuru kwa upole, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilitoka nikiamini nimejibu vizuri, na ni katika wiki ya tatu ya kozi ninayoitathmini hapa ndipo nilipoelewa kwamba kwa sentensi ile moja nilikuwa nimewaeleza watu wale kwa nini wasinikabidhi maabara yao.

Kozi hutolewa na kituo binafsi cha mafunzo ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa baadhi ya ninayoyalalamikia huenda yamesharekebishwa tangu darasa letu limalize. Huchukua wiki nane, siku nne kwa wiki, asubuhi darasani na mchana maabara. Tulikuwa watu kumi na wawili: wengi wetu wa kemia ya viwandani, wawili wa baiokemia, mmoja wa sayansi ya chakula, na mmoja mwenye stashahada ya ufundi wa maabara ambaye, nakiri, alitushinda sote kwa pipeti. Tangazo la kituo liliahidi mambo matatu: ustadi wa mkono kwenye vyombo vya upimaji, uelewa wa mifumo ya ubora, na kuunganishwa na waajiri. La kwanza walilitimiza nusu, la pili walilitimiza kupita nilivyotarajia, na la tatu ni heri wangelifuta kwenye tangazo.

Kabla ya kueleza kilichofaa na kisichofaa, ni haki nieleze kwa nini kozi za namna hii zipo na kwa nini zina wateja. Shahada ya kemia ya viwandani huelezwa kwa upana unaovutia: sabuni, rangi, saruji, mbolea, sukari, vinywaji, dawa, maji, mafuta ya petroli, ngozi, plastiki, madini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huisikia orodha hiyo akaona milango kumi na miwili, lakini mhitimu akifika mlangoni hukuta tangazo limeandikwa "shahada ya kemia au fani inayofanana nayo", na maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayoijaza foleni. Hapo husimama mkemia wa kawaida, mwanabaiokemia, mtu wa sayansi ya chakula, mhandisi wa kemikali aliyekosa nafasi ya uhandisi, na fundi wa maabara mwenye miaka mitano kazini. Isitoshe, kiwanda kikubwa chenye mamia ya wafanyakazi kinaweza kuendeshwa na wakemia wachache tu wanaopokezana zamu, na aliyeipata nafasi haiachi upesi. Mwajiri mwenye wasifu mia moja mezani humchukua yule atakayehitaji kufundishwa kwa muda mfupi zaidi, hata kama hakuongoza darasa. Ndiyo maana nafasi ya kuanzia huombewa uzoefu wa miaka miwili, sharti ambalo kila mhitimu amelicheka na kila mhitimu limemuumiza.

Sasa nirudi kwenye wiki ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kozi yenyewe. Mkufunzi alikuwa mtu aliyefanya kazi muda mrefu kwenye maabara za dawa, mwenye sauti ya chini na tabia ya kukuuliza "umejuaje?" kila unapomaliza kusema. Alianza na kesi ya Marekani ya mwaka 1993, serikali dhidi ya kampuni ya Barr Laboratories, ambamo mahakama ilikataa desturi ya maabara kurudia kipimo kilichofeli mpaka kipatikane kinachofaulu, kisha kile kilichofeli kikatupwa. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo baadaye ilitoa mwongozo wa namna ya kushughulikia majibu yaliyo nje ya kiwango, mwaka 2006, ikaurekebisha mwaka 2022. Mantiki yake ni rahisi, na ilinishangaza kwamba sikuwahi kuifikiria katika miaka yote ya chuo: ukirudia kipimo mara nyingi vya kutosha, siku moja namba itaangukia ndani ya kiwango kwa bahati tu, na bahati hiyo ndiyo utakayompelekea mgonjwa.

Kinachotakiwa, basi, ni kwamba jibu la 93.8 liandikwe kama lilivyo, msimamizi aarifiwe, mmumunyo (sampuli iliyoyeyushwa) usimwagwe, na uchunguzi wa maabara uanze: je, uzito ulisomwa sawasawa, chupa ya ujazo ilikuwa ile iliyokusudiwa, kiwango rejea (dutu inayojulikana ya kulinganishia) hakijapitwa na muda, mashine ilipita majaribio yake ya ufaafu (ya kuthibitisha kwamba inapima sawasawa) siku ile, hesabu haina kosa la kuzidisha? Likipatikana kosa lenye ushahidi, jibu hubatilishwa kwa maandishi na kipimo hufanywa upya. Lisipopatikana, jibu hubaki hai, na uchunguzi hutoka maabara kwenda kwenye uzalishaji, kwa sababu huenda namba ni ya kweli na shehena yenyewe ya vidonge ndiyo mbaya. Uhodari unaodaiwa hapo ni wa mtu anayeweza kukaa na habari asiyoipenda bila kuifuta.

Tulifanyishwa zoezi hilo siku tatu mfululizo. Mkufunzi alikuwa ameharibu kitu kimoja kwa siri karibu katika kila kituo cha kazi: mahali pamoja alibadilisha chupa ya ujazo wa mililita 100 na ya mililita 50, pengine aliweka kiwango rejea kilichofyonza unyevu, na kwetu hakuharibu kitu chochote. Kundi letu lilitafuta kosa mchana kutwa na jioni tukaandika kwamba "huenda" pipeti haikusuuzwa vizuri. Alituita, akatuomba ushahidi wa neno "huenda", nasi hatukuwa nao. Sampuli ilikuwa pungufu kweli. Aliitengeneza yeye mwenyewe ikiwa pungufu. Sijawahi kupata somo la kemia lililonikaa kama lile, ingawa kemia yenyewe iliyokuwamo ilikuwa ya mwaka wa kwanza.

Wiki hiyo hiyo ndiyo tulipofundishwa kuandika. Ninaposema kuandika nina maana ya daftari la maabara: kumbukumbu ijulikane ni ya nani, isomeke, iandikwe papo hapo, iwe ya asili na iwe sahihi, kanuni tano ambazo watu wa fani huzifupisha kwa jina la ALCOA. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwapo kiendelee kuonekana, kisha huwekwa sahihi, tarehe na sababu. Mimi nilizoea kuandika vipimo kwenye kipande cha karatasi na kuvihamishia kwenye daftari jioni kwa mwandiko mzuri, na chuoni nilikuwa nikisifiwa kwa usafi huo. Hapa kipande changu cha karatasi kilibandikwa ubaoni kama mfano wa kosa ambalo mkaguzi akilikuta humpa shaka juu ya kila namba nyingine iliyotoka chumba kile.

Kwa upande wa vyombo, sifa zangu zinapungua. Kituo kina mashine moja ya kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha viambato vya sampuli na kupima kila kimoja, ile ambayo kila tangazo la kazi huitaja kwa herufi zake nne, HPLC, na watu kumi na wawili kwa mashine moja maana yake ni kuangalia mabega ya wenzako. Nilihesabu: katika wiki mbili zilizotengewa chombo hicho, mikono yangu iliigusa kwa muda usiozidi saa sita. Hata hivyo saa hizo zilikuwa na uzito, kwa sababu hatukufundishwa kubonyeza vitufe tu. Tulidunga kiwango rejea mara tano, tukakokotoa mtawanyiko wa majibu, ambao kwa kazi ya namna hii kwa kawaida hautakiwi kuzidi asilimia 2, na tukatengeneza mistari ya ulinganifu, inayohusisha jibu la mashine na kiasi cha dutu, kwa mikolezo mitano, idadi ya chini inayopendekezwa na miongozo ya kimataifa ya uhakiki wa mbinu. Siku moja mwenzetu alihama moja kwa moja kutoka bafa ya fosfeti (maji yenye chumvi) kwenda kwenye asetonitraili tupu (kiyeyusho kisichoyeyusha chumvi hiyo) bila kusuuza kwanza kwa maji. Chumvi ikaganda ndani ya kolamu (mrija wa kutenganishia), shinikizo likapanda, pampu ikajizima. Mkufunzi hakugomba. Alimwambia aandike taarifa ya mkengeuko (maelezo ya kilichokwenda kinyume na utaratibu), na taarifa ile ikawa ndiyo kazi ya nyumbani ya darasa zima.

Mashine ya kupimia metali kwa ufyonzaji wa atomu ni habari nyingine. Kila metali huhitaji taa yake, na taa ya madini ya risasi iliungua kabla hatujafika, hivyo tulipima shaba tu na kuambiwa kwamba risasi "ni vilevile". Si vilevile: shaba hutafutwa kwenye mikolezo ambayo bado ni rahisi kuiona, ilhali risasi kwenye maji ya kunywa hutafutwa kwenye mikrogramu chache kwa lita, ambako mwali wa kawaida wa mashine hiyo hauoni kitu na mtu huhitaji mbinu nyingine kabisa. Kwa yeyote anayelenga maabara za maji au mazingira, pengo hilo si dogo.

Kipindi kilichoniburudisha kuliko nilivyodhani kilikuwa cha mbinu kongwe. Nilipoona Kjeldahl, njia ya kukadiria protini, kwenye ratiba niliguna, kwa kuwa ni mbinu ya mwaka 1883 iliyozaliwa katika maabara ya kiwanda cha bia huko Copenhagen, nami nilitaka mashine zenye skrini. Mkufunzi aliitumia kutufundisha jambo ambalo mashine hulificha. Mbinu hii huchemsha sampuli kwenye asidi kali ya salfuriki, hugeuza naitrojeni kuwa amonia, huipima kwa titresheni (kuongeza kitendanishi kidogo kidogo mpaka mmenyuko ukamilike), kisha huzidisha kwa 6.25, au 6.38 kwa maziwa, na kuliita jibu "protini". Haijawahi kuiona protini hata siku moja. Melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ina naitrojeni karibu theluthi mbili ya uzito wake, na waliokuwa wakiiongeza kwenye maziwa yaliyotiwa maji nchini China walilijua hilo vizuri; mwaka 2008 watoto karibu 300,000 waliugua na sita walithibitishwa kufa, huku vipimo vya protini vikionyesha kwamba maziwa ni mazuri. Swali alilotuachia ni lile ambalo sasa najiuliza mbele ya kila chombo: hiki kinapima nini hasa, na jina la jibu lake limetoka wapi?

Ninachokilaumu zaidi kwenye mtaala ni kwamba unakijua kiwanda kupitia dirisha la maabara tu. Uzalishaji ulipewa alasiri moja. Katika alasiri hiyo tulielezwa kwa haraka kwa nini mmenyuko uliotulia ndani ya chupa ya lita moja unaweza kulipuka kwenye tangi la lita 1,000: ukikuza chombo kwa umbo lilelile, upana wake huongezeka mara 10, eneo la ukuta wake mara 100, na ujazo mara 1,000, kwa hiyo kila lita hubaki na sehemu ya kumi tu ya ukuta wa kutolea joto iliyokuwa nayo mwanzo. Hapo ndipo mkemia wa viwandani anapotofautiana na mkemia wa kawaida, na hapo ndipo shahada yetu ilipaswa kutupa ubora juu ya wale wengine kwenye foleni. Kozi ikaruka. Rangi, sabuni na saruji zilitajwa kama mifano ya pembeni, ilhali kwa mtazamo wangu huko ndiko mhitimu anayeweza kuizungumza lugha ya tangi, mnato na ukubwa wa chembechembe anapata mlango usio na msongamano kama ule wa maabara za dawa.

Kuhusu ajira sitazunguka. Somo la wasifu lilikuwa kiolezo kimoja kilichogawiwa kwa wote, chenye sentensi ya ufunguzi ileile, na ninaogopa kufikiria mwajiri aliyepokea kumi na mbili zinazofanana wiki moja. "Kuunganishwa na waajiri" kulikuwa orodha ya anwani za barua pepe za kampuni, kadhaa kati yake zikirudisha ujumbe kwamba hazipo. Zaidi ya hayo, tangazo liliandika kwamba mhitimu wa kozi atapata "cheti cha ISO 17025". Hili ni la kusahihishwa kwa uzito wake. ISO/IEC 17025, ambayo toleo lake la sasa ni la mwaka 2017, ni kiwango cha umahiri wa maabara za upimaji na ukalibrishaji. Chombo cha ithibati, yaani taasisi inayothibitisha rasmi umahiri huo, huipa maabara ithibati hiyo kwa vipimo vilivyotajwa, na mtu binafsi hawezi kuwa nayo. Tulichopewa ni cheti cha kuhudhuria mafunzo kuhusu kiwango hicho, ambacho ni kitu halali na chenye manufaa kikiitwa kwa jina lake. Mhitimu akienda kujigamba kwenye usaili kwamba "ana 17025", mbele ya meneja wa ubora anayeijua kazi yake, atakuwa amejifungia mlango kwa ufunguo alioulipia mwenyewe.

Hata hivyo, katika wiki hiyo dhaifu ya masomo ya ajira walimleta mgeni mmoja kwa saa mbili, nazo zilikuwa saa nzuri. Alisoma kemia ya viwandani, akaanza kama mchambuzi wa zamu za usiku, na sasa huuza malighafi za sabuni na vipodozi kwa viwanda. Alitueleza kwamba kazi yake ni kukaa na mteja ambaye sabuni yake ya maji imekuwa nyepesi ghafla na kugundua kwamba chumvi imezidi, kwa kuwa chumvi huongeza mnato hadi kikomo fulani kisha huushusha; anayelijua hilo huuza bila kubembeleza. Alitaja pia wanaosajili bidhaa kwenye mamlaka za udhibiti, wanaotengeneza na kuhudumia vyombo vya maabara, na wanaosimamia usalama na taka za viwandani, kazi ambazo wengi wetu tulizidharau kwa kuwa hazina koti jeupe. Nusu ya darasa ilitoka kimya. Mimi nilijisikia kama mtu aliyekuwa akipiga hodi mlango mmoja kwa miaka miwili huku nyumba ina mingine.

Nani basi aichukue kozi hii? Kama ulipata mafunzo kwa vitendo ya miezi kadhaa katika maabara iliyo chini ya mfumo wa ubora, ukaandika daftari lenye kukaguliwa na kuona mkengeuko ukichunguzwa mpaka mwisho, sioni sababu ya kulipia wiki nane; sehemu kubwa unayo tayari, na unachokosa ni maneno ya kuieleza. Kama mafunzo yako yalikuwa ya kuosha vyombo na kubeba sampuli, kama yangu, itakufaa, lakini kabla ya kulipa waulize maswali matatu: kila mtu atapata saa ngapi mikononi mwake kwenye kila chombo, chombo gani kwa sasa hakifanyi kazi, na cheti kitasomeka vipi neno kwa neno. Mtu wa ofisini alikuwa mwepesi wa kuahidi kwa simu, mwombe aandike.

Miezi miwili baada ya kumaliza niliitwa kwenye usaili wa maabara ya kiwanda cha kusafisha maji. Swali lilikuja kwa sura nyingine: klorini iliyobaki, ile inayolinda maji dhidi ya vijidudu, kwenye sampuli ya alfajiri imesomeka sifuri, na zamu iliyopita iliandika kiwango cha kawaida. Nilisema ningeandika sifuri, ningemwarifu msimamizi wa zamu saa ileile kwa kuwa maji hayangojei uchunguzi uishe, kisha ningekagua muda uliopita tangu sampuli ichukuliwe, vitendanishi, na chombo kwa kukijaribu na sampuli ya mkolezo unaojulikana, na ningechukua sampuli mpya kama sampuli ya pili, bila kuifanya mbadala wa ile ya kwanza. Mama mmoja aliyekuwa kwenye jopo aliuliza, "Umejuaje kwamba ya kwanza si kosa?" Nikamjibu kwamba bado sijajua, na ndiyo sababu siifuti. Walinipa mkataba wa mwaka mmoja, zamu za usiku.

Kwa ujumla naipa kozi nyota tatu kati ya tano. Wiki ya tatu ingepata tano peke yake, na siku kituo kitakapoiuza kivyake nitawatuma huko wadogo zangu wote wa chuo.